Cheo Nilipewa, Kauli Sikupewa

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Kazi zilinizidi, na kusema kweli nilikuwa nimechoka kuandika habari za simu mpya. Lakini wiki mbili zilizopita kijana mmoja niliyemfundisha PHP zamani alinipigia simu kwa furaha kubwa. "Kaka, nimepata. Wamenifanya Afisa Mkuu wa Teknolojia."

Nikamuuliza mshahara ni ngapi. Akasema mshahara bado, wanangoja mwekezaji. Nikamuuliza ana hisa ngapi. Akasema hilo watalizungumza baadaye. Nikamuuliza kampuni ina watu wangapi. Wanne. Na wote wanne ni wakuu: mkuu mtendaji, mkuu wa fedha, mkuu wa masoko, na yeye.

Hebu niambie, ndugu msomaji, mkuu wa fedha katika kampuni isiyo na fedha huamka asubuhi akafanye nini?

Nilimpongeza kwa sababu sikutaka kumvunja moyo. Nilipokata simu nikajilaumu. Basi haya ndiyo niliyopaswa kumwambia, na nayaandika hapa ili ayasome yeye na wenzake wote walio na kadi mpya mfukoni.

Ugomvi wangu ni huu. Katika kampuni zetu changa za teknolojia hapa Nairobi vyeo hugawanywa kama peremende kwa watoto, kwa sababu cheo hakigharimu kitu. Kinachogharimu ni hisa. Na kinachogharimu kuliko hisa ni kauli, yaani haki ya kukaa mezani, ukasema "hili hatufanyi", na jambo likasimama. Hivyo viwili havigawanywi. Na sisi waandishi wa programu, watu tunaojigamba kwamba tunaweza kuona nukta iliyokosekana katika mistari elfu kumi, tunakubali cheo bila kusoma karatasi hata moja. Kwa hiyo lawama si ya waanzilishi peke yao. Ni yetu pia, na yangu nitaitaja hapa hapa.

Mwaka 2014 niliingia katika kampuni moja changa. Sitaitaja jina, ilishakufa na marehemu hasemwi vibaya. Tulikuwa watu watano katika chumba kimoja kando ya Ngong Road, ghorofa ya nne, lifti haifanyi kazi. Wakuu watano, wa kupika chai hakuna. Wazee wa pwani walishasema manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini sisi tulikuwa bara na hatukuwa na habari.

Tulichotengeneza ni daftari la madeni kwa wenye maduka. Unalijua lile daftari la mama wa duka, kalamu imefungwa kwa uzi ili isiibwe: Baba Otis, mkate na maziwa, 110, Mama Njeri, unga pakiti mbili, atalipa Ijumaa. Sisi tuliliweka kwenye kompyuta. Mwenye duka anatuma ujumbe mfupi wenye jina, nambari ya simu na kiasi, sisi tunahifadhi, na mdeni akilipa kwa M-Pesa deni linapungua lenyewe.

Hilo "lenyewe" ndilo lililokuwa kazi yangu. Vijana wa leo mna Daraja, mlango ambao Safaricom waliufungua mwaka 2017 ili programu zetu ziongee na M-Pesa moja kwa moja. Wakati ule kampuni ndogo kama yetu haikuwa na njia rahisi namna hiyo. Nilichomeka simu ya Android kwenye kompyuta, nikaandika programu ya kusoma kila ujumbe wa M-Pesa unaoingia na kuchambua jina, kiasi na nambari ya muamala. Ujumbe ukibadilika neno moja tu, au nukta ikihama, mfumo wangu unalala. Usiku mmoja wa Jumamosi kumbukumbu ya simu ilijaa, jumbe zikaacha kuingia. Jumapili asubuhi mama mmoja mwenye duka Kawangware akanipigia mimi, si mkuu mtendaji, akilalamika kwamba watu wamelipa na madeni hayajashuka. Mkuu mtendaji alikuwa Kigali kwenye mkutano, akiueleza ulimwengu kuhusu mfumo wetu imara.

Msidhani nilinuna. Nilifurahia sana. Nilikuwa na kadi za biashara mia mbili, karatasi ngumu, jina langu na cheo changu kwa herufi za dhahabu. Nilimpelekea moja mjomba wangu kule Kakamega, naye akaitia kwenye fremu kando ya picha ya harusi yake. Mtu aliye kwenye fremu haulizi maswali ya hisa.

Mwanzoni mwa 2015 ikaja kampuni ya mikopo. Haikutaka programu yetu. Ilitaka faili: majina ya wadeni, nambari zao za simu, wanadaiwa kiasi gani, wanalipa baada ya siku ngapi. Watu hawa hawakuwa hata wateja wetu. Walikuwa majirani waliokopa unga, wakiamini kwamba siri hiyo iko kati yao na mwenye duka. Nikasema hapana. Nilisema kwa adabu, nikasema kwa ukali, nikaandika barua pepe ndefu yenye vifungu. Mkuu mtendaji alinisikiliza hadi mwisho, akanishika bega, akasema: "Bosi wangu, hayo ni mambo ya biashara. Wewe shughulikia teknolojia."

Bosi wangu! Mpaka leo nikilisikia neno hilo natazama nyuma kuona nani anaitwa.

Ndipo nikafanya nililopaswa kufanya mwaka mmoja kabla. Nikaenda Sheria House pale Harambee Avenue, nikapanga foleni, nikalipa ada, nikaomba CR12 ya kampuni yetu. Kwa asiyeijua, hii ni barua ya Msajili wa Kampuni inayoonyesha wakurugenzi ni nani, wenye hisa ni nani, na kila mmoja ana hisa ngapi. Siku hizi unaiomba kupitia eCitizen ukiwa umekaa kitandani, kwa hiyo hamna kisingizio. Yetu ilionyesha hisa 1,000. Mkuu mtendaji 600, mkuu wa fedha 400. Wakurugenzi, hao hao wawili. Mkuu wa masoko hakuwemo. Mkuu wa huduma kwa wateja hakuwemo. Mimi, Afisa Mkuu wa Teknolojia kwa herufi za dhahabu, sikuwemo.

Na ile faili? Hapa ndipo hukwama kila ninaposimulia. Niliitoa mimi. Hakuna mwingine pale ndani aliyejua kuitoa. Amri moja ya SQL, mstari mmoja na nusu, nikabonyeza, nikaituma kwa barua pepe, nikaenda kula ugali. Nilijiambia kwamba nimepinga, maandishi yapo, dhamiri yangu ni safi. Baada ya majuma matatu yule mama wa Kawangware akanipigia tena. Wadeni wake walikuwa wanapigiwa simu na watu wasiowajua, wakitajiwa madeni yao ya dukani hadi shilingi, wakishawishiwa wakope mahali pengine ili walipe. Majirani walikuwa wanamwambia usoni kwamba amewauza. Hakunitukana. Alisema, "Mwanangu, daftari langu nilikupa wewe." Kisha akakata simu.

Leo kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kitendo kama kile kinaweza kuitia kampuni matatani makubwa. Mwaka 2015 sheria hiyo haikuwepo. Kilichokuwepo ni watu watano chumbani, na katika hao watano wenye kauli walikuwa wawili.

Sasa mnielewe ninapokasirika nikiona tovuti ya kampuni changa yenye ukurasa wa "Timu Yetu ya Uongozi", picha nane, mikono imekunjwa kifuani, kila mmoja mkuu wa kitu fulani. Swali langu ni moja tu: kati ya hawa wanane, ni nani anaweza kusimamisha jambo? Ukiona ni mmoja, basi hiyo si timu ya uongozi. Ni mtu mmoja na mapambo.

Sheria yenyewe haidanganyiki na mapambo. Chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015 kampuni binafsi inaweza kuwa na mkurugenzi mmoja tu na mwenye hisa mmoja tu. Afisa Mkuu wa Teknolojia hana mahali pake humo. Sheria inamjua mkurugenzi na inamjua mwenye hisa. Ile ya Ajira ya 2007 inamjua mfanyakazi, na inamtaka mwajiri aweke kwa maandishi mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Kama wewe si mkurugenzi, huna hisa na huna mkataba, wewe ni nani hapo? Wewe ni mgeni mwenye nywila ya seva.

Na usijifariji kwamba kodi ni yako kwa kuwa umeiandika wewe. (Kodi hii yetu ya kuandika, si ile ya KRA, ingawa zote mbili huliza watu usiku.) Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi uliyoifanya ukiwa umeajiriwa, au uliyoagizwa na mtu uifanye, haki yake huhesabiwa imehamia kwa mwajiri au kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Mmekubaliana vingine? Wapi? Kwenye kikundi cha WhatsApp?

Kuna watakaosema nazungumzia vibanda vya Ngong Road, kwamba makampuni makubwa ya Marekani yana uongozi wa kweli. Haya, twende huko. Theranos ilianzishwa mwaka 2003 na Elizabeth Holmes kwa ahadi ya kupima damu kwa matone machache tu ya kidoleni. Kufikia 2014 ilithaminiwa kuwa ya dola bilioni 9 hivi. Bodi yake ilikuwa kama picha ya mkutano wa dola kuu: Henry Kissinger na George Shultz, mawaziri wa zamani wa mambo ya nje, William Perry, waziri wa zamani wa ulinzi, Jenerali James Mattis, Sam Nunn, seneta wa zamani. Ukurasa wa uongozi ulikuwa unameremeta. Lakini waliokuwa wanajua kwamba mashine hazifanyi kazi walikuwa vijana wa maabara. Tyler Shultz alikuwa mjukuu wa yule George Shultz wa kwenye bodi, akamwendea babu yake mwenyewe, na babu hakumwamini. Erika Cheung, mwenzake wa maabara, ilibidi awaandikie wakaguzi wa serikali mwaka 2015. Mwaka huo huo John Carreyrou wa Wall Street Journal akayaanika yote. Kampuni ilifungwa 2018, na mwezi Novemba 2022 Holmes alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11.

Angalieni hapo. Waliojua hawakuwa na kauli, na wengi wa waliokuwa na kauli hawakujua lolote kuhusu damu. Wamarekani walifanya kosa lile lile la chumba chetu cha ghorofa ya nne, ila wao walikuwa na lifti.

Hoja ya pili ninayoisikia ni ile ya wazo. "Lakini wazo ni langu." Jamani! Daftari la madeni lilikuwa wazo la nani? Kila duka kutoka Kawangware hadi Kisumu lilikuwa nalo kabla sisi wote hatujazaliwa. Wazo ni la kuanzia. Likishaanza, anayelifanya liamke kila asubuhi ana haki ndani yake. Simkatai mwanzilishi asiyejua kuandika programu. Anayejua kuuza, anayeweza kuingia ofisi ya mtu mgumu akatoka na sahihi, huyo ni dhahabu, na sisi wa kompyuta tunamdharau bure. Ninachokataa ni yeye kunihesabu mwenzake siku ya kupiga picha na kibarua siku ya kupiga kura.

Wenzetu walioanza vizuri walianza na karatasi. Apple ilianzishwa tarehe 1 Aprili 1976 kwa mkataba wa kurasa tatu: Steve Jobs asilimia 45, Steve Wozniak asilimia 45, Ronald Wayne asilimia 10. Wozniak ndiye aliyekuwa fundi, na aliandikwa sawa na msemaji. Wayne alijitoa baada ya siku 12, na akajitoa kwa karatasi pia. (Mwaka 2011 karatasi hizo ziliuzwa Sotheby's kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Mkataba mzuri hata ukizeeka una bei.) Baadaye, kampuni ilipokaribia kuingia soko la hisa mwaka 1980, baadhi ya wafanyakazi wa mwanzo walikuwa hawana kitu, na Wozniak akachukua hisa zake mwenyewe akawagawia. Nampenda kwa hilo, lakini mtu hafai kutegemea huruma ya Wozniak. Wozniak ni mmoja duniani.

Na hapa kwetu hatukosi mfano. Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Ushahidi ilizaliwa kwa siku chache ili wananchi waweze kutuma taarifa za ghasia zikaonekana kwenye ramani. Ory Okolloh alitoa mwito, David Kobia akaandika programu, Erik Hersman na Juliana Rotich wakawa nao. Huyo Kobia hakuitwa fundi wetu. Ni mmoja wa waanzilishi, na ndivyo anavyotajwa mpaka leo.

Sasa lawama yangu ya pili, maana nimeahidi. Kampuni ile ya daftari ilikufa 2016 fedha zilipokwisha, na wenye maduka walikuwa wameshatukimbia. Mwaka 2018 nikaanzisha kakampuni kangu. Nikamchukua binti mmoja hodari kuliko mimi, nikamwita kiongozi wa bidhaa. Miezi mitano baadaye akaniuliza kuhusu hisa. Nikafungua mdomo, nikasema, "Hilo tutalizungumza baadaye." Nikaisikia sauti yangu. Ilikuwa sauti ya yule yule, imebaki tu kunishika bega. Siku hiyo tulikaa hadi saa tatu usiku na kuandika: asilimia 15, zikiiva kidogo kidogo kwa miaka minne, kwamba akiondoka baada ya mwaka mmoja anaondoka na robo yake, na nikimfukuza bila kosa haondoki mikono mitupu. Tuliandika pia kwamba taarifa za wateja hazitolewi nje bila sahihi zetu wawili. Kifungu hicho kilikuwa chake. Sikuwa nimemsimulia habari za Kawangware. Baadaye nilimsimulia.

Kampuni hiyo haijawa kubwa. Tuko sita, tunalipa kodi zote mbili.

Jumatatu iliyopita nilimpigia yule kijana. Nikamwambia aombe CR12. Alinyamaza, kisha akasema wenzake wataona hawaamini. Nikamwambia, wewe kila siku unaandika programu inayomuuliza kila mtu nywila yake, hata mwenye kampuni, na sijasikia mtu akisema seva yako ina dharau.

Jana usiku amenitumia picha ya skrini. Majina mawili, lake halimo. Ameniuliza afanye nini, maana kodi yote bado iko kwenye kompyuta yake peke yake na kesho kutwa wanamwonyesha mwekezaji. Nimemwambia asiifute, asiifiche, wala asitishie mtu. Awaite kikao kabla ya huyo mwekezaji, aiweke CR12 mezani, kisha awaulize ni nani hapo anaweza kusema hapana. Kikao ni leo saa kumi. Hakutaka niingie naye, na amefanya vyema, lakini kuna kibanda cha chai mkabala na lango lao, na mimi naandika haya nikiwa hapo, kikombe cha pili.